Je, Presha ni Ada ya Uzee?



Katika vijiji vya Kisaka, mkoani Mara, kama ilivyo katika vijiji vingi vya nchi yetu, habari huja hivi: mzee fulani alikuwa mzima jana, amechunga, amekula, amelala; alfajiri hakuweza kuinuka. Mkono mmoja umelegea, mdomo umekwenda upande, maneno hayatoki. Hapo watu hugawanyika. Mmoja husema, "Amerogwa." Mwingine husema, "Ni jini." Wa tatu, ambaye huonekana mwenye busara kuliko wenziwe, husema, "Ni uzee tu. Kila mzee ana presha."

Wale wawili wa kwanza tutawajibu baadaye, wala jibu lao si refu. Lakini huyu wa tatu anaaminiwa hata na watu waliosoma, na neno lake limewaua wengi, kwa kuwa mtu akidhani jambo ni ada ya umri hatalipima wala kulitibu. Basi twauliza: Je, ni kweli kwamba kupanda kwa msukumo wa damu ni sehemu ya uzee, kama mvi na makunyanzi? Ama ni jambo liingialo mwilini kwa njia ziwezazo kujulikana na kuzuiwa?

Kabla ya kujibu, yafaa tufahamu kwanza ni kitu gani hiki tunachokisema. Moyo ni msuli, ukubwa wake takriban ngumi ya mwenyewe, nao hupiga kiasi cha mara laki moja kwa siku. Kila upigapo husukuma damu katika mishipa iitwayo ateri, na ateri zilizo nzima hutanuka kidogo kuipokea damu ile, kisha hurudi kama mpira. Nguvu ambayo damu huzikandamiza kuta za mishipa ndiyo tuiitayo msukumo wa damu, na watu wengi siku hizi huiita presha. Mganga anapoandika 120 juu ya 80, ile namba ya juu ni nguvu wakati moyo ukipiga, na ya chini ni nguvu wakati moyo ukipumzika. Mtu mzima ambaye kipimo chake, kwa siku mbalimbali, ni 140 au zaidi kwa juu, ama 90 au zaidi kwa chini, huhesabiwa kuwa ana presha ya kupanda.

Wala mshipa si bomba tu. Upande wake wa ndani umetandikwa utando mwembamba na laini mno, ambao una kazi zake wenyewe: huuamuru mshipa utanuke au ujikaze, na huizuia damu isigande ovyo. Mwaka 1998 wataalamu watatu wa Marekani, Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa sababu waligundua kwamba hewa iitwayo nitriki oksaidi ndiyo mjumbe anayepeleka amri ya kutanuka katika ukuta wa mshipa. Sasa damu ikisukuma kwa nguvu kupita kiasi, usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka, utando ule huchubuka, ukuta huwa mnene na mgumu, na mafuta yaitwayo lehemu hupata mahali pa kujishindilia. Mwisho wake mshipa huziba, ama hupasuka. Jambo hilo likitokea katika ubongo ni kiharusi; likitokea katika mishipa ya moyo wenyewe ni shambulio la moyo; na figo nazo hunyauka kidogo kidogo pasipo mwenyewe kujua. Hayo yote yanapoandaliwa, mtu huwa hasikii maumivu yoyote. Watu husema, "Mimi ningekuwa na presha ningeumwa kichwa." La, hasha! Wengi walio nayo hawaumwi na kitu.

Tukirudi katika swali letu, mahali pazuri pa kupata jibu si mbali na Kisaka. Vuka mpaka wa Kenya upande wa kaskazini, utaingia katika nchi iliyoitwa zamani South Kavirondo, wilaya ambayo makao yake yalikuwa Kisii. Humo walikaa Wakisii, Wajaluo, na Wakuria wale wale ambao ndugu zao wako Tarime na Serengeti. Mpaka uliwekwa na Wazungu, haukuwekwa na ukoo. Katika hospitali moja ya wilaya hiyo alifanya kazi daktari wa Kiingereza aliyeitwa C. P. Donnison. Yeye alipima msukumo wa damu wa wanaume elfu moja, vijana kwa wazee, na mwaka 1929 akatangaza matokeo yake katika jarida la Lancet la London.

Aliyoyaona yaliwashangaza madaktari wa Ulaya. Huko kwao ilikuwa imekubaliwa kwamba msukumo wa damu hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Lakini wanaume wa South Kavirondo walikuwa sawa na Wazungu mpaka umri wa kama miaka arobaini tu; baada ya hapo msukumo wao haukupanda, bali ulielekea kushuka. Tena katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika hospitali ile kwa muda wa kama miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye presha ya kupanda.

Pengine msomaji atasema, "Watu wa zamani walikufa mapema, ndiyo maana hawakuugua maradhi ya wazee." Lakini Donnison hakuwapima wafu, aliwapima wazee waliokuwa hai, na wazee hao ndio waliokuwa na msukumo wa chini. Mwingine aweza kusema kwamba wazee wale hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, hivyo umri wao ulikadiriwa tu. Neno hilo ni la haki, nasi twalikubali. Hata hivyo, kukosea miaka mitano au kumi hakuwezi kumgeuza babu mwenye wajukuu akawa kijana. Na kama presha ingekuwa ada ya uzee, ingeonekana angalau kwa baadhi yao.

Je, watu wa Afrika Mashariki walibaki hivyo? Hawakubaki. Daktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda tangu 1929 hadi 1958, alishuhudia kwa macho yake mageuzi hayo: alipofika presha ilikuwa adimu kwa Waafrika, na alipoondoka ilikuwa ugonjwa wa kila siku hospitalini. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika katika jarida la madaktari wa Afrika Mashariki juu ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa kuwa kumwona mgonjwa wa namna hiyo kulikuwa jambo la kuandikwa! Leo Dar es Salaam ina Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza kazi mwaka 2015, na haikosi wagonjwa. Damu ya ukoo haibadiliki kwa muda wa kizazi kimoja au viwili. Basi kilichobadilika ni kitu kingine.

Kitu hicho kilitafutwa kwa utaratibu mzuri katika uchunguzi uliofanywa miongoni mwa Wajaluo, ukaongozwa na Daktari Neil Poulter pamoja na wenzake wa Kenya na Uingereza, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1990. Ninaupenda uchunguzi huu kuliko yote nitakayoitaja, kwa sababu unajibu kwa unyofu. Wachunguzi waliwafuata watu waliotoka vijijini karibu na Ziwa Victoria kwenda kutafuta kazi Nairobi, wakawapima mara baada ya kufika na tena baadaye. Na wakati huo huo wakawapima wenzao waliobaki kijijini. Ni watu wa kabila moja, lugha moja, na damu moja. Lakini wale wa mjini walionekana na msukumo wa damu ulio juu kuliko wa wenzao. Tofauti nyingine zilionekana hata kwa watu waliokuwa na mwezi mmoja tu mjini: uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi, mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka zaidi, na mkojo wao ulionyesha kwamba wanakula chumvi nyingi zaidi, na madini ya potasiamu, yaliyomo katika matunda, mboga na kunde, yamepungua. Mwezi mmoja, ndugu msomaji! Hakuna mtu azeekaye kwa mwezi mmoja.

Kabla ya hapo, mwaka 1969, A. G. Shaper na wenziwe walikuwa wameandika juu ya vijana wa Kisamburu wa kaskazini ya Kenya walioacha kuchunga ngamia na ng'ombe wakaingia jeshini. Hao nao, kwa kula chakula cha jeshi chenye chumvi nyingi, msukumo wao ulipanda kuliko wa ndugu zao waliobaki na mifugo. Na mwaka 1988 ukatangazwa uchunguzi mkubwa uitwao INTERSALT, uliopima watu zaidi ya elfu kumi katika vituo 52 vya nchi 32. Vituo vinne tu vilionekana ambapo watu hula chumvi kidogo sana na msukumo wao hukaribia kutopanda kabisa pamoja na umri: viwili katika misitu ya Brazil, kimoja Papua New Guinea, na cha nne kilikuwa Kenya.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: kuzeeka ni lazima, kupanda kwa presha si lazima. Uzee hutoa nafasi tu, kwa maana miaka mingi ya chumvi, unene, tumbaku, ulevi na kukaa kitako hujilimbikiza ndani ya kuta za mishipa.

Hapa sina budi kutaja habari ya Wamasai, kwa kuwa watu wafugao ng'ombe, na Mara ni nchi ya ng'ombe, hupenda kuitumia kama hoja. Husema, "Wamasai hunywa maziwa na kula nyama maisha yao yote, nao hawana maradhi ya moyo, basi mafuta hayana neno." Ni kweli kwamba George Mann wa Marekani alikuja Tanganyika, na mwaka 1964 akaandika kwamba wanaume wa Kimasai aliowapima walikuwa na lehemu kidogo katika damu na dalili chache sana za ugonjwa wa moyo. Lakini wenye kuileta hoja hii huiacha nusu yake ya pili. Mwaka 1972 Mann na wenziwe walieleza yaliyoonekana katika miili ya Wamasai hamsini baada ya kufa: mishipa ya mioyo yao ilikuwa na mafuta na unene ukutani, sawa na ya wazee wa Kimarekani. Kilichowaokoa ni kwamba mishipa yenyewe ilikuwa imetanuka, ikawa mipana, hata njia ya damu haikuzibwa. Na kwa nini ilitanuka? Mann aliona kuwa ni kwa sababu ya kutembea kwao, mwendo mrefu kila siku tangu utoto. Basi anayetaka maziwa na nyama ya Mmasai, na achukue na miguu yake! Mtu anayekwenda gulioni kwa pikipiki, kisha akaketi mpaka jioni juu ya sinia la nyama choma, hana sehemu katika hoja hiyo.

Hali yetu Tanzania ni ipi? Katika uchunguzi wa nchi nzima uliofanyika mwaka 2012, karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, alikutwa na presha ya kupanda. Wala si mjini tu. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2000, uliofanywa Ilala katika Dar es Salaam na katika kijiji cha Shari, Kilimanjaro, uliikuta pande zote mbili. Ila jambo la kusikitisha zaidi ni hili: katika kila watu mia waliokuwa nayo, waliojua kuwa wanayo hawakufika ishirini, waliokuwa wakitumia dawa ni kama kumi, na wale ambao msukumo wao ulikuwa umeshushwa hadi kiasi cha salama hawakufika hata mtu mmoja. Kiharusi nacho kilihesabiwa kwa miaka mitatu, tangu 2003 hadi 2006, katika wilaya ya Hai na katika Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, kila mwaka katika watu laki moja kiliwapata kiasi cha watu 109 huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Kiasi hicho cha pili kinazidi cha nchi nyingi za Ulaya.

Sasa tuwajibu wale wawili wa kwanza, yaani anayesema uchawi na anayesema jini. Wachunguzi walipowauliza watu wa Hai na wa Dar es Salaam juu ya sababu za kiharusi, na matokeo yakatangazwa mwaka 2008, ilionekana kinyume cha vile ambavyo wengi wangedhani. Watu wa shamba, huko Hai, walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo mengi. Watu wa mjini ndio waliotaja zaidi mashetani na uchawi, na kwa hiyo ndio waliotangulia kwa waganga wa kienyeji kabla ya hospitali. Jini gani huyu anayewachagua wenye presha, akawaacha wenye msukumo wa kawaida? Wataalamu walikusanya habari za watu karibu milioni moja wa nchi mbalimbali, wakazitangaza mwaka 2002: kwa watu wa umri wa miaka 40 hadi 69, kila ile namba ya juu inapopanda kwa 20, hatari ya kufa kwa kiharusi au kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo huongezeka maradufu. Shetani hafuati hesabu namna hiyo.

Na kosa hili lina gharama. Mtu akipinda mdomo ghafula, au mkono ukamwanguka, au maneno yakamvurugika, kila saa inayopita sehemu ya ubongo hufa. Apelekwe hospitali mara moja, wala asilazimishwe kula au kunywa, kwani koo lake laweza kuwa limepooza na chakula kikaingia mapafuni. Saa zilizotumiwa kutafuta kombe na hirizi hazirudi.

Basi mtu wa Kisaka afanye nini? Chumvi ndiyo ya kwanza. Shirika la Afya Ulimwenguni hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, nazo ni kijiko kidogo cha chai kisichojaa sana, pamoja na ile iliyomo katika mkate, samaki wa chumvi na vyakula vya dukani. Chumvi ya kunyunyizia juu ya sahani iondolewe mezani kabisa. Ulimi huzoea katika majuma machache. Lakini hiyo kidogo inayotumika na iwe yenye madini joto, ili kuepuka uvimbe wa tezi ya shingo. Mboga za majani, maharage, ndizi, viazi vitamu na machungwa huleta ile potasiamu iliyowapungukia Wajaluo wa Nairobi. Huko China, katika vijiji 600, watu wapatao elfu ishirini na moja walifuatwa kwa miaka kama mitano. Nusu ya vijiji vilipewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu, na kwa matokeo yaliyotangazwa 2021 viharusi vilipungua kwa kiasi cha 14 katika mia. Hata hivyo, mwenye ugonjwa wa figo asiitumie chumvi ya namna hiyo pasipo kumwuliza daktari.

Juu ya tumbaku na ulevi sitasema mengi. Moshi huchubua utando wa ndani wa mishipa, na pombe, iwe ya chupa au gongo, hupandisha presha. Hayo yamethibitishwa na watu wasiokuwa na dini yoyote ya kuyatetea.

Kupima nako kuna adabu yake. Keti kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza sawasawa na moyo, wala usizungumze. Mtu aliyepanda kilima mbio akafungwa ukanda mkononi papo hapo atapata namba ya kilima, si yake. Zipimwe mara mbili, na kipimo kikiwa juu arudi siku nyingine kabla ya kuhukumiwa. Kila aliyefika miaka arobaini, hata kama haumwi, apimwe walau mara moja kwa mwaka. Zahanati zaweza kufanya kazi hiyo.

Na mtu akiandikiwa dawa, ajue kwamba dawa ya presha si kama ya malaria, ambayo humezwa siku tatu ikaachwa. Wengi humeza mwezi mmoja, wakarudi kupimwa, wakaambiwa "imeshuka," wakazitupa. Lakini imeshuka kwa sababu ya dawa! Ukiondoa nguzo kwa kuwa paa halijaanguka, utalala nje. Dawa zenyewe si za ajabu wala si lazima ziwe za bei kubwa. Majaribio yaliyotangazwa mwaka 2019, yaliyofanywa kwa wagonjwa zaidi ya 700 wa nchi sita za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, yalionyesha kwamba kwa Waafrika dawa ya amlodipini ikiunganishwa na nyingine moja ilishusha msukumo vizuri zaidi kuliko mchanganyiko usiokuwa nayo.

Limebaki swali moja, ambalo ndugu waliosilimu karibuni huliuliza kwa wasiwasi: Je, kutegemea vidonge kila siku si upungufu wa tawakali? Na Ramadhani itakuwaje? La kwanza, Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaamuru watu wajitibu, na yeye mwenyewe alijitibu. Kwa hiyo hakuna Mwislamu awezaye kudai tawakali iliyo kubwa kuliko yake. La pili, mgonjwa ameruhusiwa asifunge, akazilipa siku zile baadaye, au akatoa fidia ikiwa ugonjwa wake hauna mwisho. Lakini wengi ambao presha yao imetulia huweza kufunga, kwa kuwa dawa nyingi siku hizi humezwa mara moja kwa siku, nayo yaweza kuwekwa wakati wa futari au wa daku. Vile vidonge vinavyoongeza mkojo ndivyo vya kuangaliwa zaidi, maana huweza kumkausha mtu mchana wa jua. Basi amwendee daktari katika mwezi wa Shabani, akiwa na vidonge vyake mkononi, wapange saa pamoja.